Mchakato Mzazi na Mchakato Mtoto: Kuhamisha Programu Huria za Sauti Kutoka Mfumo Endeshi Mmoja Hadi Mwingine

Programu huria, yaani zile ambazo msimbo wake uko wazi kusomwa, kubadilishwa na kugawiwa na yeyote, zimeshika sehemu kubwa ya kazi za sauti za leo: kutambua usemi, kubadilisha miundo ya rekodi, kuandaa matangazo ya redio. Nyingi kati yake zilizaliwa ndani ya Unix au ndani ya Linux iliyofuata nyayo zake, na zimebeba tabia moja ya kwao, nayo ni kwamba programu haijitwishi kazi yote peke yake bali huita programu nyingine, huikabidhi sehemu ya kazi, kisha husubiri matokeo. Inayoita huitwa mchakato mzazi na inayoitwa huitwa mchakato mtoto. Mchakato maana yake ni programu iliyokwisha kuwashwa, yenye sehemu yake ya kumbukumbu, faili zake ilizozifungua na namba yake katika orodha ya mfumo endeshi, ambao ndio programu kuu inayosimamia kompyuta nzima. Mhadhara huu unahusu yanayotokea pale programu yenye tabia hiyo inapohamishiwa Windows, Android au mfumo mwingine ambao haukulelewa hivyo, na hoja yake ni kwamba mara nyingi wahamishaji wamechukua jina la huduma wakaacha mwenendo wake, ilhali mwenendo ndio uliokuwa mali yenyewe.

Suala hili lina uzito wa pekee katika eneo kama Buteba, gombolola ya Wilaya ya Busia nchini Uganda iliyo upande wa kuelekea Tororo, karibu na mpaka wa Kenya. Kiteso husemwa pande zote mbili za mpaka huo, Kisamia vivyo hivyo, na Kiswahili ndicho kinachozunguka katika masoko na foleni za malori ya Busia na Malaba. Mawimbi ya FM nayo hayagongewi muhuri, kwa hiyo msikilizaji mmoja hupata vituo vya nchi mbili kwa kuzungusha kitufe kile kile. Maabara ya Umoja wa Mataifa iitwayo Pulse Lab Kampala, iliyofunguliwa mwaka 2014, ilishirikiana na Chuo Kikuu cha Stellenbosch cha Afrika Kusini na kuonyesha, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2017, kwamba kompyuta inaweza kusikiliza vipindi ambavyo wananchi hupiga simu redioni na kuyanasa maneno yanayohusu afya au majanga, kwa Kiluganda, Kiacholi na Kiingereza cha Uganda. Baadaye taasisi ya Sunbird AI, nayo ya Kampala, ilikiingiza Kiteso katika mkusanyo wake wa data za lugha. Anayetaka kuendeleza kazi ya aina hiyo mpakani hana upungufu wa sauti za kurekodi. Tatizo lake ni kwamba programu anazozihitaji ziliandikwa kwa ajili ya Linux, na mashine inayopatikana kwa urahisi mjini ni laptopu ya mitumba yenye Windows, kama si simu ya Android.

Programu inayofaa kuchunguzwa kwa karibu ni Kaldi, mkusanyo wa zana huria za kutambua usemi ulioanzia katika warsha ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, mwaka 2009, ukatambulishwa rasmi kwa wanazuoni mwaka 2011. Jina hilo ni la mchunga mbuzi wa Ethiopia ambaye hadithi humtaja kuwa mgunduzi wa kahawa, jambo ambalo wasomaji wa Afrika Mashariki wana ruhusa ya kulifurahia kidogo kabla ya kuendelea. Mradi wa ALFFA, ambamo Laurent Besacier na wenzake wa Ufaransa walishughulikia lugha za Kiafrika, ulitoa hadharani rekodi za matangazo ya Kiswahili pamoja na hati za Kaldi za kuifundisha kompyuta kwa rekodi hizo, kwa hiyo Kaldi si zana ya mbali kwa msemaji wa lugha hii.

Kaldi hutaka faili ya matini iitwayo wav.scp, ambayo kila mstari wake huanza na kitambulisho cha rekodi na kufuatiwa na mahali rekodi ilipo. Mahali hapo, hata hivyo, hapalazimiki kuwa faili. Panaweza kuwa amri nzima, mradi iishie kwa mstari wima, kama ifuatavyo:

busia01 sox kipindi.mp3 -r 16000 -c 1 -b 16 -t wav - |

Amri hii huiita SoX, programu huria ya sauti iliyoanzishwa na Lance Norskog mwaka 1991, iichukue rekodi ya MP3, iigeuze iwe na sampuli 16,000 kwa sekunde, chaneli moja badala ya mbili na biti 16 kwa kila sampuli, kisha iimwage, si katika faili mpya, bali katika mdomo wake wa kutolea. Mstari wima wa mwisho huiambia Kaldi inywe moja kwa moja kutoka mdomo huo. Mfereji unaoziunganisha programu mbili kwa namna hiyo huitwa paipu. Faida yake si uchache wa faili za muda tu, ingawa kwa mwenye diski ndogo hiyo nayo si haba. Faida kubwa ni kwamba fundi wa kituo cha redio asiyejua hata mstari mmoja wa lugha ya C++ anaweza kuingiza kichujio cha kuondoa mvumo wa jenereta, au kukata dakika za matangazo ya biashara, kwa kuhariri mstari huo mmoja, bila kuugusa msimbo wa Kaldi na bila kumwomba mtu ruhusa.

Uwezo huo una historia ndefu. Doug McIlroy wa maabara za Bell alipendekeza mwaka 1964, miaka mitano kabla Unix haijaanza, kwamba programu ziunganishwe kama mipira ya kumwagilia bustani, na mwaka 1973 mwenzake Ken Thompson aliziingiza paipu ndani ya Unix. Chini ya paipu kuna miito miwili ya mfumo, yaani maombi ambayo programu huyapeleka kwa mfumo endeshi: wa kwanza, fork, hutengeneza nakala ya mchakato mzazi, na wa pili, exec, huifuta programu iliyomo ndani ya nakala hiyo na kuweka nyingine mahali pake. Kati ya miito hiyo miwili kuna kipindi kifupi ambamo mtoto amekwisha kuzaliwa lakini bado anaendesha msimbo wa mzazi, na ni katika kipindi hicho ndipo paipu huunganishwa mahali pake, faili zisizohitajika hufungwa, na folda ya kazi huchaguliwa. Huduma ya popen, iliyotoka na toleo la saba la Unix mwaka 1979, ilivikusanya vitendo hivyo vyote katika mwito mmoja wa maktaba, na popen ndiyo ambayo Kaldi huiita kila inapokuta mstari wima mwishoni mwa mstari wa wav.scp.

Windows NT, iliyotoka mwaka 1993, haina kipindi hicho cha katikati. Mwito wake, CreateProcess, huunda mtoto mzima kwa mara moja, na kila kitu anachopaswa kurithi ni lazima kitajwe mapema. Wenye kuishabikia Unix hulisema hilo kama kasoro, lakini sivyo. Ni uamuzi mwingine tu, na kwa mambo kadhaa ni uamuzi wenye busara zaidi. Kasoro inaanzia pale maktaba ya C ya Microsoft inapotoa huduma yenye jina lile lile, popen likiwa limeongezwa kistari cha chini mbele yake, na kumfanya mhamishaji aamini kwamba kazi imekwisha mara tu msimbo unapokubali kukompailiwa, yaani kugeuzwa kuwa lugha ya mashine.

Tofauti ya kwanza iko katika baiti moja, na inastahili kufuatwa polepole. Katika Unix mwisho wa mstari wa matini huandikwa kwa baiti yenye thamani 10 peke yake, ilhali katika Windows, iliyorithi desturi ya DOS, huandikwa kwa baiti mbili, 13 na kisha 10. Ili programu za C zisihangaike, maktaba ya Microsoft hufungua midomo ya kuingizia na kutolea katika hali ya matini, ambamo kila 10 inayotoka huongezewa 13 mbele yake, kama karani wa forodha pale Malaba ambaye kwa nia njema hujaza mstari wa ziada katika kila hati inayopita mezani kwake. Kwa barua hakuna madhara. Kwa sauti ni balaa. Sampuli ya biti 16 huandikwa kwa baiti mbili, ndogo ikitangulia na kubwa ikifuata, kwa hiyo sampuli yenye thamani 10, ambayo kwa kipimo kinachofika 32,767 ni karibu sawa na ukimya, huandikwa 10 na 0. Ikipita katika hali ya matini hutoka 13, 10, 0. Msomaji huchukua mbili za kwanza na kupata 13 ukijumlisha 10 mara 256, yaani 2,573. Sampuli inayofuata, tuseme yenye thamani 12, sasa husomwa kwa kuanzia na ile 0 iliyobaki, na ile 12 inakuwa baiti kubwa: thamani yake ni 3,072. Ukimya umekuwa ngurumo. Hali hiyo huendelea hadi baiti nyingine ya 10 itakapotokea, ambayo huongeza 13 ya pili na kuzirudisha jozi katika mpangilio wake, na ndiyo maana rekodi iliyoharibika hivi haivumi mfululizo bali hukatakata kati ya usemi wa kawaida na mvumo, kiasi kwamba msikilizaji huilaumu antena.

Upande wa kusoma una mtego wake. Katika hali ya matini baiti yenye thamani 26 huchukuliwa kuwa mwisho wa faili, desturi iliyotoka CP/M, mfumo endeshi wa miaka ya 1970 uliopima faili kwa mafungu ya baiti 128 na kuhitaji alama ya kuonyesha data inaishia wapi. Kwa hiyo kipindi cha saa nzima kinaweza kufika kwa Kaldi kikiwa na sehemu ndogo ya sekunde, bila ujumbe wowote wa kosa, kwa kuwa kwa mtazamo wa msomaji faili imeisha salama. Tiba inajulikana: mzazi afungue paipu katika hali ghafi, ambayo baiti hupita kama zilivyo, na mtoto naye ageuze mdomo wake wa kutolea uwe katika hali hiyo hiyo, kwa maana mmoja akitibiwa mwenzake akaachwa, ugonjwa unabaki. Hapo ndipo kejeli ya mambo inapojitokeza. Katika Windows hali ghafi huombwa kwa kumpa popen herufi rb badala ya r, lakini maktaba ya C inayotumika sana katika Linux huikataa rb na kurudisha kosa, kwa sababu katika Unix hakuna hali mbili za kuchagua. Hakuna namna moja ya kuandika mwito huo inayofaa pande zote, na kwa hiyo msimbo wa Kaldi, kama ule wa SoX, una njia panda ya kukompaili: Windows huenda huku, wengine huenda kule.

Mhamishaji anayetaka kujua kama paipu yake ni salama anaweza kulijaribu jambo hili kwa rekodi ya sampuli 256 tu, thamani zikianzia 0 hadi 255 kwa mfuatano. Rekodi hiyo ina baiti 512 za sauti na baiti 44 za kichwa cha WAV, jumla 556. Ikipitishwa katika programu inayonakili tu na ikatoka na baiti 557, mwandishi yuko katika hali ya matini. Ikiishia baiti ya 96, ambayo ni kichwa pamoja na sampuli 26 za mwanzo, msomaji ndiye aliyekwama mbele ya 26. Jaribio la rekodi ya mtu anayesema habari za asubuhi halifichui hata nusu ya haya kwa uhakika kama huo.

Tofauti nyingine hazihitaji maelezo marefu hivyo. Unix humpa mtoto orodha ya maneno ya amri yakiwa yametenganishwa, ilhali Windows humpa mfuatano mmoja wa herufi ambao mtoto mwenyewe huukata, kwa hiyo jina la faili lenye nafasi ndani yake, mathalani matangazo ya jioni, huweza kufika likiwa majina matatu. Alama moja za kunukuu, ambazo hati za Linux huzitumia kila mahali, sheli ya kawaida ya Windows, yaani programu inayopokea amri zilizoandikwa, haizitambui kuwa alama za kunukuu. Tena kuna programu zenye majina pacha. Hati za Kaldi hutegemea sort ya Unix kupanga vitambulisho kwa mpangilio wa baiti, na Windows ina sort yake ambayo haitofautishi herufi kubwa na ndogo. Amri inakubaliwa, kazi inafanyika, orodha inatoka imepangwa visivyo, na Kaldi inalalamika hatua tatu mbele, mahali pasipohusika.

Paipu nayo ina ujazo. Katika Linux ujazo wa kawaida ni baiti 65,536, ambazo kwa sauti ya Kaldi ni sekunde mbili hivi. Katika Windows huamuliwa na aliyeiunda na mara nyingi ni mdogo zaidi. Mzazi akimwandikia mtoto kwa paipu moja huku mtoto akimwandikia mzazi kwa nyingine, na zote mbili zikajaa, kila mmoja humsubiri mwenzake asome na hakuna anayesoma tena. Programu iliyoandikwa bila kulifikiria hilo hufanya kazi Linux kwa rekodi fupi za majaribio, huhamishiwa Windows, ikaganda, na lawama zote hupewa Windows ingawa kosa lilikuwamo tangu nyumbani. Kinyume chake kipo pia: katika Unix mtoto anayeendelea kuandika baada ya msomaji kuondoka huuawa kimya kimya kwa ishara namba 13, kwa hiyo waandishi wengi hawakujali kukagua kama uandishi wao umefaulu, na Windows, isiyo na ishara hiyo, humwacha mtoto huyo aendelee kumwaga sauti isiyo na mpokeaji.

Si kila kitu katika uhusiano huu ni cha mfumo endeshi. Mengine ni makubaliano kati ya programu na programu, na haya huhama vizuri zaidi. Kichwa cha faili ya WAV kinapaswa kutaja urefu wa sauti, lakini SoX inapomwaga ndani ya paipu haijui urefu huo mapema wala haiwezi kurudi nyuma kuusahihisha, kwa hiyo huandika namba ya kubuni, 2,147,479,552, na msimbo wa Kaldi unaosoma WAV unaitambua namba hiyo hasa na kuelewa kwamba unapaswa kusoma hadi paipu ikauke. Ni kiraka, na hakipendezi machoni, ila kwa kuwa kimeandikwa katika data yenyewe badala ya kutegemea tabia ya mfumo, kinafanya kazi pande zote bila njia panda.

Tabia hii ya kuita mtoto haikufa na kizazi cha Kaldi. Whisper, programu ya kutambua usemi iliyotolewa huria na OpenAI mwaka 2022, huifungua kila rekodi kwa kuiita FFmpeg, programu nyingine huria ya kubadilisha miundo ya sauti, kama mchakato mtoto, ikimpa maneno ya amri yakiwa orodha badala ya mfuatano mmoja, na ikimkataza mtoto kusoma kutoka kibodi, tahadhari mbili zinazoonyesha kwamba mwandishi aliyajua mashimo ya njia. Hata hivyo lugha ya Python iliyotumika humo, inapomkosa mtoto, hutoa ujumbe tofauti kwa kila mfumo: katika Linux hutaja kwamba kilichokosekana ni ffmpeg, na katika Windows husema tu kwamba faili iliyotajwa haikuonekana. Mtumiaji aliyeketi mbele ya laptopu ya mitumba huanza kuitafuta rekodi yake, ambayo iko pale pale alipoiweka, huku kilichokosekana ni programu ambayo hakuwahi kuambiwa aisakinishe.

Katika simu mlango umebanwa zaidi. Mradi wa RootIO, uliojenga redio ndogo za kijamii kaskazini mwa Uganda kwa kuunganisha simu ya Android na kisambaza mawimbi, ulidhihirisha kwamba simu inaweza kuwa kituo. Lakini tangu Android 10 ya mwaka 2019, programu zinazofuata kanuni mpya haziruhusiwi kuendesha faili ya programu iliyopakuliwa katika folda yao wenyewe, na anayetaka FFmpeg awe mtoto hulazimika kumfungasha ndani ya kifurushi kana kwamba ni maktaba. Sababu ni ya usalama na ina mashiko, maana folda hiyo ndiyo ambamo msimbo wa wahalifu hupenda kujificha. Mfumo wa iPhone hauruhusu watoto kabisa.

Jambo ambalo mashabiki wa Unix hulitaja kwa sauti ya chini ni kwamba hata nyumbani fork imeanza kuwekwa kando. Mwaka 2019 mtafiti Andrew Baumann na wenzake walichapisha makala yenye hoja kwamba mwito huo umepitwa na wakati, kwa kuwa haupatani na programu zinazoendesha kazi kadhaa sambamba ndani ya mchakato mmoja, na Python 3.14, iliyotoka Oktoba 2025, iliacha kuutumia moja kwa moja kama njia ya kawaida ya kugawa kazi kwa michakato katika Linux. Mhamishaji aliyekuwa akihangaika kuiga fork ndani ya Windows, kama ulivyofanya mradi wa Cygwin kwa gharama kubwa ya kasi, alikuwa akiiga kile ambacho wenyewe wanakiondoa.

Warithi wa Kaldi wameyasoma haya kwa njia mbili tofauti. Sherpa-onnx imeingiza utambuzi wote katika maktaba moja isiyohitaji mtoto yeyote, na kwa hiyo hukimbia Windows, Android na iPhone bila malalamiko. Anayetaka kutambua usemi wa Kiswahili ndani ya simu sokoni Busia hana sababu ya kutafuta kingine. Bei yake ni kwamba fundi wa redio hana tena mstari wa kuhariri: kichujio cha mvumo wa jenereta kikihitajika, ni lazima mtu anayejua msimbo akiandike ndani. Lhotse, maktaba ya kuandaa data kutoka ukoo huo huo, imechagua kinyume. Inapoisoma wav.scp ya zamani na kukuta mstari wima, huihifadhi amri kama chanzo halali cha sauti na kuipeleka kwa sheli ya kompyuta iliyopo, ikisoma matokeo katika hali ghafi bila kumtaka mtumiaji achague. Kwa mashine za mezani mhadhara huu unauona uamuzi wa Lhotse kuwa bora, kwa kuwa unahamisha uwezo wa mtumiaji na si jina la mwito. Kazi iliyobaki ni ya upande wa amri yenyewe: iandikwe bila alama moja za kunukuu, bila nafasi katika majina ya faili, na kwa kutaja SoX au FFmpeg peke yake bila msaada wa sort na jamaa zake, ili mstari ulioandikwa Tororo kwenye Linux usomeke pia kwenye Windows ya Buteba.